Shajara ya mradi: kuzitoa ayani ndefu kwenye mfuko wa gofu wa Mjomba

Januari

Mjomba ana miaka 67 na handikapu 19, yaani mapigo ya nafuu anayopewa mchezoni. Mfukoni mwake mna draiva (ya kuanzia mashimo marefu), wudi 3 (fimbo ya kichwa kinene), ayani (fimbo za bamba la chuma) kuanzia namba 3 hadi 9, weji mbili (za mipigo mifupi) na puta (ya kuusukumia mpira shimoni). Namba ikiwa ndogo, fimbo ni ndefu na ni ya mbali zaidi. Ni seti aliyoinunua alipokuwa bado kazini: vichwa vyembamba, shafti (mipini) za chuma nzito, fimbo za mtu mwenye mabega ya miaka 40. Ombi lake lilikuwa fupi. "Mpwa wangu, nitafutie ayani 4 inayopaa."

"Mjomba, kwa swingi yako ya sasa, unavyoizungusha fimbo, hiyo haipo dukani. Tuitoe, tuweke kitu kingine mahali pake."

Alinyamaza, kisha akasema tutaona. Kwake yeye hiyo ni ruhusa.

Basi mradi wenyewe ni huu: kabla ya Agosti, familia inaposhuka Mombasa, fimbo zake ndefu ziwe zinatofautiana kweli, kila moja na umbali wake, na mpira uweze kusimama kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, hata ukipigwa kutoka mbali. Njia ni wudi zenye lofti kubwa, yaani namba 7 na 9, pamoja na haibridi, mseto wa wudi na ayani. Lofti, kwa asiyeizoea, ni kadiri uso wa fimbo ulivyolala nyuma. Ukilala zaidi, mpira unapaa zaidi.

Nimeazima rada ndogo ya kupimia mipigo, ile ya kuwekwa chini nyuma ya mpira, tukaenda nayo renji, uwanja wa mazoezi. Nilichoandika ni mahali mpira ulipotua, si ulipoishia baada ya kubingirika. Ayani 7 ilitua yadi 122. Ayani 6, yadi 130. Ayani 5, yadi 134. Ayani 4, yadi 135. Ayani 3 ikarudi nyuma hadi 131. Fimbo tatu za juu zinafanya kazi ya fimbo moja, tena zinaifanya vibaya. Mjomba aliitazama skrini, akaitazama ayani 3, akasema rada imeharibika.

Haijaharibika. Mpira wa gofu haupai kwa sababu umerushwa juu tu. Unapaa kwa sababu unazunguka kinyumenyume huku vishimo vyake vinaishika hewa, na hewa ndiyo inayoubeba. Kichwa cha fimbo kikipungua mwendo, mpira unapungua mwendo na mzunguko pia, na fimbo yenye lofti ndogo inabaki haina cha kuunyanyulia. Kijana anayepiga kwa nguvu ataiona tofauti kati ya ayani 3 na 5 bila shida. Mtu wa rika la Mjomba haioni, hata apige katikati ya uso.

Halafu kuna suala la Nairobi yenyewe. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kila mgeni anayecheza hapa hurudi kwao akijisifu mpira wake ulikwenda mbali. Ni kweli, hewa ya huku ni nyepesi na mtu anayepiga vizuri hupata asilimia 6 hivi zaidi. Lakini hewa ileile isiyouzuia mpira ndiyo isiyoubeba. Mpira wa chini kama wa Mjomba hauvuni chochote cha maana kwenye mwinuko huu. Unaanguka mapema, unatua ukiwa umelala, kisha unakimbia na kupita grini hadi bankani, kwenye shimo la mchanga. Ndiyo maana kipimo nilichokiandika ukurasa wa kwanza wa daftari si umbali, ni pembe ya kutua. Mafundi wa fimbo hulenga digrii 45 au karibu yake ili mpira usimame. Ayani 4 ya Mjomba ilikuwa inatua kwa digrii 29. Tukifika 40 nitachinja kuku.

Februari

Mwezi wa kutafuta fimbo. Mpya zina bei ya kumtoa mtu machozi, kwa hiyo tumekwenda na zilizotumika. Nimepata wudi 7 ya digrii 21, wudi 9 ya digrii 24 yenye shingo inayorekebishwa, haibridi ya digrii 22 na nyingine ya digrii 28. Zote zina shafti za grafaiti, nyepesi. Shafti za ayani za Mjomba zina gramu zaidi ya 120 kila moja. Za wudi hizi zina 60 na kidogo.

Kwa anayenunua fimbo zilizotumika, mambo ninayoyaangalia: nachukua kichwa nakitikisa karibu na sikio, kikitoa sauti kama ya punje ndani basi gundi au kipande kimeachia. Napitisha ukucha kwenye shafti kuanzia juu hadi shingoni nikitafuta ufa, hasa pale inapoingia kwenye kichwa. Gripu, yaani pa kushikia, haijalishi, hiyo nitabadilisha mwenyewe. Na siamini namba iliyoandikwa chini ya fimbo. Wudi 7 ya kampuni moja ni digrii 20 na nusu, ya nyingine ni 22. Ayani 7 za siku hizi nyingi ziko digrii 30 au chini, wakati ya Mjomba ni 35. Mtu anayesema "mimi napiga ayani 7 yadi 160" hajakwambia kitu mpaka umjue fimbo yake ilitengenezwa lini.

Jambo la kufurahisha ni kwamba ayani 4 ya Mjomba, nilipoipima, ina digrii 24. Sawasawa na wudi 9. Kwa hiyo tunaweza kuzilinganisha bila mtu kusema lofti ndiyo iliyoleta tofauti.

Machi

Matokeo ya renji, fimbo mpya. Wudi 9: yadi 153, pembe ya kutua digrii 41. Wudi 7: yadi 161, digrii 38. Haibridi ya 22: yadi 151, digrii 35, na karibu yote kushoto. Haibridi ya 28: yadi 139, digrii 39.

Kuku amechinjwa.

Lofti ileile ya 24, na wudi 9 imeiacha ayani 4 kwa yadi 18 na kutua wima zaidi kwa digrii 12. Sababu zimo kwenye umbo. Ayani ni bamba. Uzito wake wote uko karibu na uso. Kichwa cha wudi ni kitupu ndani na kina kisigino kirefu cha kurudi nyuma, kwa hiyo kitovu cha uzito kinakaa chini na mbali na uso. Mpira unapogongwa, kitovu hicho kikiwa chini yake, unaondoka kwa pembe ya juu zaidi bila mchezaji kuongeza chochote. Pili, shafti ya wudi 9 ina urefu wa inchi 41 na nusu, ya ayani 4 ina 38 na nusu, na fimbo ndefu na nyepesi inakwenda kwa kasi zaidi mikononi mwa mtu yuleyule. Tatu, uso wa wudi ni mwembamba, unabonyea kidogo na kuurudisha mpira. Haibridi iko katikati ya hao wawili: kichwa kidogo kuliko wudi, shafti fupi ya inchi 40 hivi, kitovu cha uzito kiko nyuma zaidi kuliko cha ayani lakini si kama cha wudi. Ndiyo maana mpira wake unakwenda chini kidogo na kwa nguvu zaidi.

Wenzake wa Jumamosi wameanza maneno. Fimbo za akina mama, wanasema, na mmoja aliuliza kama zinakuja na mkoba. Ni kweli wanawake wa kulipwa wamebeba wudi 7 tangu zamani, na sababu ni kwamba wao hupiga kwa akili kuliko sisi tunaojitia nguvu. Nimempa Mjomba majibu matatu ya kuweka mfukoni. Raymond Floyd, Masters ya 1976, shindano kubwa la uwanja wa Augusta, Marekani: aliweka wudi 5 mahali ambapo wanaume wa wakati ule walibeba ayani 1, akayamaliza yale mashimo marefu ya Augusta nayo, akashinda kwa mapigo 8. Y. E. Yang, PGA Championship ya 2009, shindano kubwa jingine, kwenye uwanja wa Hazeltine: shimo la mwisho, Tiger Woods yuko ubavuni mwake, mti mbele, yadi 200 na ushei. Alitoa haibridi 3 na mpira ukatua karibu na bendera. Tiger hakuwa amewahi kupoteza shindano kubwa akiwa anaongoza kuingia siku ya mwisho mpaka siku hiyo. Na Dustin Johnson, aliyeshinda Masters ya 2020 kwa mapigo 268, rekodi ya shindano hilo, mfukoni alikuwa na wudi 7. Dustin ni mtu wa futi sita na zaidi anayepiga draiva yadi 300.

Mjomba amelikariri la Yang. Analisimulia kana kwamba alikuwa kedi wake, mbeba fimbo zake.

Aprili

Karakana. Haibridi ya 22 inakwenda kushoto na sitaki Mjomba aanze kuizoea kwa kugeuza mwili, kwa sababu akishaizoea hivyo ataharibu na zingine.

Kipimo chake ni cha bei rahisi kuliko vyote. Unachora mstari wima nyuma ya mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, unauweka mpira mstari ukitazama uso wa fimbo, unapiga. Wino unajichapa usoni. Unapata habari mbili kwa mara moja: umegonga wapi, na fimbo ilikuwa imekaaje chini. Mstari ukichapika wima, mkao wa fimbo uko sawa. Wa Mjomba uliinama, tena kila mara kwa upande uleule, na alama zake zilikuwa katikati ya uso. Basi mtu anagonga vizuri, fimbo ndiyo imesimama mno: ncha ya mbele inanyanyuka, uso unatazama kushoto. Haibridi nyingi huuzwa hivyo makusudi, kwa kuwa wanunuzi wengi mipira yao huenda kulia. Mjomba mpira wake wa ayani huwa unanyooka, hivyo dawa ya wengine kwake ni ugonjwa.

Shingo ya haibridi hii hairekebishwi na ni fupi mno kupindwa. Nikaamua kufupisha shafti. Fimbo ikifupishwa nusu inchi inakaa chini zaidi kwa takriban digrii moja, maana mikono ya mchezaji inabaki kimo kilekile. Nilivua gripu kwa kisu cha ndoano, nikafunga utepe wa karatasi pale pa kukata ili nyuzi za grafaiti zisichanike, nikakata kwa msumeno wa meno madogo huku shafti nikiizungusha polepole. Barakoa ni lazima. Vumbi la grafaiti si la kuvuta. Kisha utepe wa pande mbili, tapentaini ndani ya gripu mpya huku tundu la mwisho umeliziba kwa tii (kijiti cha kuwekea mpira), unatikisa, unamwagia inayobaki juu ya utepe, unaingiza gripu kwa pumzi moja kabla haijakauka. Ukisitasita katikati imekwisha, itakwama hapo hapo.

Nusu inchi ikiondoka, fimbo inakuwa nyepesi kichwani na Mjomba aliliona hilo mara moja: "Hii sasa ni kijiti." Kila nusu inchi inakula pointi tatu hivi za uwiano wa uzito, na gramu 2 kichwani zinarudisha pointi moja. Nimebandika gramu 5 za utepe wa risasi chini ya kichwa upande wa ncha, kwa kuwa uzito ukiwa huko uso unachelewa kidogo kujifunga. Mipira bado inaelekea kushoto, ila sasa ni kushoto kwa grini, si kushoto kwa uzio.

Wudi 9 nayo nimeigusa kidogo. Shingo yake inaweza kuongezwa lofti kwa kuizungusha, lakini watu wengi hawajui kwamba ukiongeza lofti kwa njia hiyo uso unajifunga pia. Nilijaribu kuipandisha hadi 25 na nusu na mipira ikaanza kuhamia kushoto, basi nimeirudisha ilipokuwa.

Mei

Mvua ndefu. Viwanja vimelowa, mpira hauendi hata hatua tatu baada ya kutua, na huu ndio mwezi ambao ayani ndefu za Mjomba zilikuwa zinamwacha nusu ya njia kila mwaka. Mwaka huu shimo la 5, lile la mapigo matatu lenye kidimbwi mbele na yadi 148 hadi bendera, amefika grini na wudi 9 akiwa na nafasi ya ziada. Zamani alikuwa analicheza kwa kupiga fupi upande wa kulia na kuomba Mungu.

Lakini kazi kubwa ya mwezi huu imekuwa nyasi. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, na hakuna mashine ya renji inayoweza kukuandaa kwa nyasi hizi. Ni zetu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesafiri dunia nzima kama malisho na kama zulia la viwanja. Uwanja wa Riviera kule Los Angeles ni maarufu kwa nyasi hizi. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani, hulalamika kila Februari kuhusu kitu ambacho kedi wa Limuru anakikanyaga tangu utotoni.

Kwenye feawei, njia iliyofyekwa kuelekea grini, kikuyu ni rafiki wa wudi. Majani ni magumu na yamesimama, mpira unakaa juu yake kama umewekewa tii fupi. Mjomba hapo anafagia tu. Shida ni kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, na shida yenyewe ni ya aina mbili ambazo zinataka fimbo tofauti. Kuna mpira uliozama: mashina ya kikuyu yanatambaa na kusukana, na yanaishika shingo ya fimbo na kuusokota uso kabla haujafika kwenye mpira. Ayani ndefu inasokotwa vibaya sana hapo. Wudi ina tumbo pana, inateleza juu ya nyasi badala ya kushuka. Haibridi ndiyo iliyofanya kazi, ile ya 28 hasa, kwa sababu kichwa ni chembamba, kizito, na kina lofti ya kuutoa mpira nje mara moja. Na kuna mpira unaoelea, umeshikwa juu ya nyasi na hewa chini yake. Hapo wudi 9 ni hatari isiyoonekana: uso wake ni mfupi kimo, kichwa kinaweza kupita chini ya mpira, nao ukagongwa kwa ukingo wa juu na kwenda yadi 80. Mjomba alifanya hivyo mbele ya watu.

Kedi wake, kijana ambaye amemfahamu miaka mingi, ndiye aliyepata njia. Anapofika kwenye mpira ulio rafu haangalii umbali kwanza. Anaweka mguu kando yake, si karibu sana asije akausogeza, anasikia kwa soli jinsi nyasi zilivyo nene, kisha ndipo anataja fimbo. "Mzee, huu umelala. Shika ile fupi ya kofia nyekundu." Au: "Huu umekaa juu, chukua ya bluu lakini ishike chini kidogo." Kofia ni kifuniko cha kichwa cha fimbo. Kushika chini kwenye gripu kunakipandisha kichwa kidogo na kupunguza ule mpito wa chini. Nimeandika maneno yake kwenye daftari yalivyo, kwa sababu ni bora kuliko maelezo yangu.

Juni

Hakuna kilichobadilika kwenye vifaa. Mwezi wa mikono.

Mtu aliyezoea ayani 4 isiyopaa amejifunza bila kujua kuusaidia mpira upae. Mjomba anarudisha uzito mguu wa kulia wakati wa kupiga na viganja vinakunja kama anachota maji. Kwa wudi 9 tabia hiyo ni sumu, lofti tayari ipo, na ukiongeza ya viganja mpira unakwenda juu tu na kuanguka hapo hapo. Nimemwekea mpira kidole kimoja au viwili mbele ya katikati ya miguu kwa wudi 7 na 9, katikati kamili au mbele kidogo sana kwa haibridi. Wudi inafagia, haibridi inashuka kidogo na kuacha alama ndogo kwenye nyasi baada ya mpira. Zoezi ni moja tu: tii imepigwa chini mpaka imebaki kichwa, mpira haupo, akate kichwa cha tii bila kugusa udongo nyuma yake.

Wudi 3 imetoka. Digrii 15 kutoka chini ni fimbo ambayo kwa mwendo wake ilikuwa inapaa yadi 158, yaani chini ya wudi 7. Nimemletea wudi 5 ya digrii 18, ametua 167 nayo. Kwa wachezaji wengi wa wikendi wudi 3 ni pambo, na wanaobisha waende na rada.

Agosti

Mombasa, na kusi limekaza.

Tumecheza Nyali, na ndani ya mashimo matatu ya kwanza nusu ya hesabu za Nairobi zimekwenda na maji. Kwanza hewa. Chini kwenye usawa wa bahari ni nzito, wudi 9 iliyokuwa inatua 153 ilitua 145 mahali palipokuwa hapana upepo. Hilo nililitarajia na nilimwambia Mjomba kabla hatujaondoka, ingawa hakupendezwa. La pili ni upepo wenyewe. Mpira wa juu wenye mzunguko mwingi ukikutana na kusi uso kwa uso, hewa inayoubeba inaongezeka, unapanda zaidi ya unavyotaka, unasimama angani kisha unadondoka. Shimo moja alipiga wudi 9 vizuri kabisa, sauti safi, na mpira ukaishia yadi 30 mbele ya grini.

Kedi wa pale, mtu mzima, alimwangalia akaweka mkono kifuani kwa adabu. "Mzee wangu, shikamoo. Kusi hii huichezi kwa juu. Ipitie kwa chini." Akamtolea haibridi ya 22, ile niliyoifupisha, ambayo Nairobi ilikuwa imeanza kukaa mfukoni bila kazi. Mpira ulikwenda mwendo wa kifua, ukatua mbele ya grini, ukapanda wenyewe. Mjomba akaniangalia mimi kana kwamba nilikuwa nimemficha fimbo hiyo.

Upepo ukiwa nyuma mambo yanageuka. Hapo wudi 7 inabebwa mpaka inazidi wudi 5, na kusimama ni shida kwa kila fimbo isipokuwa ile inayotua wima, yaani wudi 9. Upepo wa ubavuni haibridi inapotoka kidogo kuliko wudi. Mtu akiniuliza leo wudi yenye lofti kubwa au haibridi, nitamuuliza kwanza anacheza wapi. Nyanda za juu, ambako hewa haibebi na upepo si mkali, wudi inashinda wazi. Pwani, kuanzia Aprili mpaka Septemba kusi linapotawala, haibridi isikose. Watengenezaji wanauza fimbo hizi kwa umri na kwa mwendo wa swingi, na kwa maoni yangu wameliacha jambo kubwa zaidi nje ya kipeperushi.

Mjomba alitaka niizungushe shingo ya wudi 9 katikati ya mchezo ili niipunguze lofti. Hairuhusiwi. Fimbo inayorekebishwa unaianza na kuimaliza raundi ilivyo. Kuibadili makusudi ukiwa uwanjani kisha ukaipigia mpira ni kuvunja kanuni. Fanya kabla ya shimo la kwanza. Siku iliyofuata niliishusha hadi 23 hotelini, na uso ukafunguka kidogo, jambo ambalo halikumsumbua.

Agosti, baada ya kurudi

Mfuko ulivyo sasa: draiva ya digrii 12 badala ya ile ya 10.5 aliyokuwa nayo (hilo ni simulizi jingine), wudi 5, wudi 7, wudi 9, haibridi ya 22, haibridi ya 28, ayani 7, 8 na 9, weji ya pichingi, weji ya mchanga na puta. Umbali wa kutua kwa Nairobi, kutoka juu: 167, 161, 153, 151 kwa mpira wa chini, 139, kisha 122. Kati ya wudi 9 na haibridi ya 22 hakuna tofauti ya umbali na sitaki iwepo. Ni mpira wa juu na mpira wa chini wa umbali mmoja. Pengo linaloniudhi ni lile la 139 hadi 122. Yadi 17 ni nyingi kwa mtu ambaye mipigo yake mingi ya pili inaangukia hapo hapo. Ayani 6 ingeingia katikati kwa 130 yake, lakini inatua kwa digrii 34 na tumeshatoka huko. Nimeona haibridi ya digrii 31 inauzwa, shafti imekwaruzwa kidogo, nitaenda kuitikisa sikioni wiki hii.

Ikiingia hiyo, zitakuwa 13, na kanuni inaruhusu 14. Nafasi ya mwisho Mjomba anaitaka kwa weji ya digrii 60, kwa sababu aliiona kwenye televisheni. Mimi nasema 52, maana kati ya weji zake mbili kuna pengo la digrii 8. Rada bado ninayo hadi mwisho wa mwezi.